Nyamizi wa Geita, mchaji betri aliyeikuta kompyuta isiyolala

Saa moja na robo asubuhi, Nyamizi anainama juu ya betri ya lori, anafungua vifuniko vyake sita kimoja baada ya kingine, anachungulia, ananusa, kisha anatingisha kichwa kama mama aliyemkuta mtoto kalala bila kula.

"Hii ilikuwa harusini," anasema.

Mwenye betri, mzee wa makamo aliyeileta kwa baiskeli, anaapa kwamba betri haijatoka nyumbani kwake. Nyamizi habishani. Anaingiza kipimo cha kioo ndani ya tundu la kwanza, ananyonya maji kidogo, anaangalia kiboya kinavyozama. Dakika mbili hazijapita mzee anacheka na kukiri: juzi aliazimisha betri kwa shemeji yake, ikapiga muziki tangu mchana hadi watu walipochoka kucheza.

"Mimi simlaumu mtu," anasema Nyamizi huku akiandika kwa chaki ubavuni mwa betri. "Nataka tu kujua imelisha nani. Nikijua imelisha nani, nakwambia itakaa siku ngapi. Usiponiambia, tutagombana bure."

Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya duka la vipuri la Bwana Taherali, hatua chache kutoka stendi ya mabasi mjini Geita. Asubuhi hii betri ishirini na sita zimepangwa juu ya mbao, nyaya nyekundu na nyeusi zinapanda na kushuka, na jenereta la duka linanguruma upande wa pili wa ukuta. Kila betri ina jina la mwenyewe na vistari vya chaki. Betri ya zahanati ina vistari vitatu. Ya mzee wa harusi ina kimoja. Chache sana, kama nne hivi, zina pia kiduara kidogo pembeni.

Vistari hivyo ndivyo vilivyomjengea jina. Kiduara ndicho kilichomwokolea jina hilo lilipokuwa linaelekea shimoni.

Nyamizi ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Isaka, kule reli inakokabidhi mizigo kwa malori yanayokwenda magharibi. Baba yake, Marcel, alikuwa mpakiaji wa magunia. Msichana alipokuwa akimpelekea baba chakula cha mchana aliwakuta madereva wamekaa siku mbili, tatu, wakisubiri mzigo, wakisikiliza redio za malori hadi betri zinakufa. Ndipo walipoanza kumtuma maji ya betri, na kwa kutumwa akajifunza.

"Dereva mmoja aliniambia, binti, betri ni chungu cha ugali. Ukitaka kujua kama kitatosha, usikiangalie chungu. Hesabu midomo," anakumbuka. "Sijasoma ufundi popote. Chuo changu ni hilo neno."

Ndivyo alivyoanza utaratibu wa vistari. Mteja akileta betri, Nyamizi humuuliza swali moja: "Unaunga nyaya ngapi?" Waya wa taa ni mdomo mmoja. Waya wa redio ni mdomo mwingine. Anachora kistari kwa kila waya, anapiga hesabu kichwani, kisha anamwambia mteja betri itadumu siku ngapi. Na siku alizotaja ndizo zinazokuwa. Katika mji ambao mtu anaweza kukuuzia kifusi akakwambia ni dhahabu, ahadi ya namna hiyo si jambo dogo.

Alifika Geita mwaka 1991, akimfuata mumewe Pantaleo aliyekuja kutafuta riziki ya dhahabu. Pantaleo alishuka katika duara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, kwa miaka miwili. Siku moja jiwe lilimwangukia likamvunja mguu. Mguu umepona kwa kupinda, na leo analima mihogo na mpunga kidogo nje ya mji.

"Wenzake watatu walioshuka naye msimu ule hawapo," anasema Nyamizi. "Mimi wangu yupo, anachechemea, ananung'unika kwamba chumvi imezidi. Namwambia nung'unika tu, baba, nung'unika sana. Wabeja Mungu, nina wa kuninung'unikia."

Wabeja ni asante ya Kisukuma, na Nyamizi analitumia neno hilo kama watu wengine wanavyotumia nukta. Anamshukuru anayemletea betri, anamshukuru anayeichukua, na mwandishi alipokanyaga waya wake kwa bahati mbaya akashukuriwa kwa kutokukanyaga mwingine.

Bwana Taherali, ambaye familia yake imefanya biashara Shinyanga na Geita tangu enzi za babu yake, anasimulia walivyokutana mwaka 1993. Alikuwa ameagiza chaja kubwa ya betri, ikafika, na hakuna aliyejua kuitumia. Ilikaa dukani ikawa pambo.

"Huyu mama alikuja kununua maji ya betri. Akaitazama chaja, akaniuliza, 'Hii inafuga vumbi kwa faida ya nani?'" anasema Taherali akicheka. "Kesho yake nikampa nafasi nyuma ya duka."

Malipo ya betri moja ni shilingi mia tano. Siku nzuri zinafika betri kumi na tano, na karibu nusu ya pato huishia kwenye dizeli na maji ya betri. Kinachobaki ndicho kinachomsomesha bintiye Apolonia, aliye kidato cha tatu mjini Shinyanga. Ndiyo maana mjini hapa wengi hawamwiti Nyamizi. Wanamwita Mama Apolonia.

Mwezi Machi mwaka huu, kijana mmoja mrefu aliyevaa kofia ya majani alishuka kwenye gari la watafiti wa madini akiwa na betri mbili. Jina lake Thobias, mwenyeji wa Chato, umri miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye kompyuta takwimu za udongo unaochukuliwa porini: umetolewa wapi, kina gani, namba gani. Kambi yao ilikuwa kilomita thelathini kutoka mjini, haina jenereta, na gari huwashusha na kuondoka. Kila kitu kilitegemea betri hizo mbili.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mapajani, ile inayokunjwa kama kitabu na kubebwa begini. Ina betri yake ndogo ndani. Mchana Thobias aliitumia porini kwa betri hiyo ndogo, na jioni akairudisha kambini kuijaza kutoka kwenye betri kubwa.

"Unaunga nyaya ngapi?" Nyamizi alimuuliza.

"Mbili, mama. Mmoja wa taa, mmoja wa kompyuta."

"Na hiyo kompyuta, umeichomeka kitu kingine?"

"Hakuna. Hata kipanya chake hakina waya."

Kipanya ni kile kidude cha kushika mkononi ili kuongoza mshale kwenye kioo. Kwa kawaida kina waya mrefu kama mkia. Cha Thobias kilikuwa hakina, na waliokuwapo kibandani walicheka sana kusikia habari za panya aliyekatwa mkia na bado anatembea. Nyamizi alichora vistari viwili kwenye kila betri, akapiga hesabu, akasema siku nne.

Siku ya pili jioni betri zilikuwa zimekwisha.

Thobias alirudi. Nyamizi alipima, akakuta betri nzima kabisa, ila tupu. Akazijaza tena, akangoja maji yatulie, akapima mara mbili. Siku nne, akasema. Zikakaa siku mbili. Mara ya tatu akampa betri mbili nyingine, mpya kuliko zote alizokuwa nazo, akamshikisha kipimo mwenyewe aone. Siku mbili.

"Nilianza kujichunguza," anakiri Nyamizi. "Nikasema labda macho yamezeeka. Labda kipimo kimepasuka. Nikamwita Pantaleo apime, naye hajui kupima, akaniambia kiko sawa kwa kunipendeza tu."

Upande wa Thobias mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kompyuta ilikuwa inamzimikia porini baada ya saa moja na dakika chache, wakati kitabu chake kiliahidi zaidi ya saa mbili. Siku moja ilizimika kabla hajahifadhi, kazi ya mchana kutwa ikapotea, na watu sita wakalazimika kurudi kuchimba vishimo vilevile. Mkuu wake, mzungu mmoja mpole lakini mwenye kuandika barua, alimwandikia barua ya onyo.

Thobias alikuja na barua hiyo mfukoni siku ya mnada, kibanda kikiwa kimejaa.

"Mama, betri zako ni maji matupu!" alisema kwa sauti ambayo hata stendi waliisikia. "Unatujazia maji unatuambia umeme!"

Akutukanaye hakuchagulii tusi, na Thobias alikuwa ameokota lile lililomfaa. Tatizo ni kwamba tusi lile lilikuwa tamu mdomoni. Kufikia jioni watoto walikuwa wanaliimba: betri za Nyamizi ni maji. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alituma mtu kuchukua betri zake za redio ya upepo, ile ya kuitana na watu wa mbali, kabla hazijajaa. Mwenye studio ya picha akafuata. Betri ishirini na tatu zilizokuwa juu ya mbao zikawa kumi na sita, zikawa tisa.

Wiki hiyo Bwana Taherali alimwita dukani, akamkalisha, akaagiza chai.

"Alinisemesha kwa adabu," anasema Nyamizi. "Akaniambia, 'Mama Apolonia, mimi nakuamini. Lakini mlango wako na wangu ni mmoja. Mtu akisema nyuma ni wezi, hataingia mbele. Mwisho wa mwezi wa nne, kama watu hawajarudi, nitamtafuta mwingine wa kukaa pale. Nakwambia mapema ili usisikie barabarani.'"

Hakukasirika?

"Nililia. Kukasirika sikukasirika. Angeweza kunifungia mlango siku ileile. Alinipa siku kumi na sita na chai yenye maziwa. Mtu anayekwambia ukweli wakati bado una muda wa kufanya kitu, huyo ni wa kushukuru."

Nyumbani alimweleza Pantaleo kwamba wanaweza kupoteza nafasi, na ikipotea, Apolonia hatarudi shule muhula ujao. Pantaleo, ambaye siku zote ana mzaha, siku hiyo hakuwa nao. Aliosha vyombo.

Kilichomjia Nyamizi usingizini, au labda alipokuwa anachota maji asubuhi, yeye mwenyewe hana hakika, ni jambo ambalo daktari yeyote angelijua. Thobias alipokuja tena, safari hii bila salamu, Nyamizi alimtangulia.

"Baba, mara tatu umeniletea shati la mgonjwa. Mlete mgonjwa."

Thobias hakuelewa.

"Hiyo kompyuta. Ilete hapa. Mimi na wewe tukae nayo."

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, Thobias alifika na begi begani. Alikuwa amepoa kidogo. Aliamkia "shikamoo", akaitikiwa "marahaba", akaweka begi juu ya mbao na kupokea kikombe cha uji. Nyamizi akataka nafasi ya kuweka betri. Akalishika begi alisogeze. Akasimama vilevile, mikono yote miwili juu ya begi.

"Humu umebeba viazi vya moto?"

"Ni kompyuta, mama. Nimeizima tangu kambini."

"Umeizima vipi?"

"Nimeifunga."

"Kitu kilichozimwa hakitoi jasho," alisema Nyamizi. "Hiki kiko macho."

Wakaifungua. Kweli, kioo kiliwaka papo hapo, namba zote za jana zikiwa pale pale. Kwa mwezi mzima Thobias alikuwa anafunga mfuniko, anatia begini na kutembea porini saa nzima kwa miguu, akidhani mashine imelala. Mashine ilikuwa inafanya kazi gizani, ndani ya begi, inajichemsha yenyewe.

Lakini si hivyo tu. Ubavuni mwa kompyuta, katika mwanya mwembamba, kilichungulia kipande cha plastiki cheusi chenye kitaa cha kijani. Kitaa kilikuwa kinapepesa, kinapepesa, hakitulii.

"Na hiki ni nini?"

"Ni kadi tu. Tukiwa kambini inaongea na kompyuta ya bosi, tunatumiana ramani. Haina waya, mama, ndiyo maana sikukutajia."

Nyamizi anasema neno hilo lilimgonga. Si *kadi*, si *ramani*. *Inaongea*.

"Bosi wako yuko wapi sasa hivi?"

"Kambini."

"Hiki kinaweza kumfikia akiwa huko?"

"Aa, wapi! Haifiki hata mita mia."

"Basi sasa hivi kinaongea na nani?"

Thobias aliinama kuitazama kadi. Kitaa kikaendelea kupepesa.

Hapo ndipo miaka ya Isaka ilipomsaidia. Kwenye yadi ya malori kulikuwa na redio ya upepo, na Nyamizi alikuwa akichaji betri yake. Karani wa kwanza alikuwa mtu wa kusikiliza, na betri ilidumu wiki nzima. Karani wa pili alikuwa msemaji, na zaidi ya hapo alikuwa na mchumba upande wa pili wa redio. Betri haikufika siku tatu. Na siku ambazo upande wa pili haukuitika, akaita na kuita na kuita, ilikwisha mapema zaidi.

"Kusikiliza kunalamba. Kusema kunakula," anasema Nyamizi. "Na anayeita bila kuitikiwa ndiye mlaji kuliko wote, kwa sababu hanyamazi."

Alileta mita yake ya kupimia umeme, akaiunga kati ya betri kubwa na kompyuta, wakaitazama sindano wote wawili, na Bwana Taherali aliyekuja kuona kimya hicho ni cha nini akawa wa tatu. Thobias alichomoa kadi. Sindano ikashuka. Akairudisha, ikapanda. Akachomoa tena, ikashuka. Kisha wakachomoa na kile kisanduku kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachopokea mawasiliano ya kipanya. Sindano ikatikisika, ikashuka unywele mmoja.

"Lakini kipanya kina betri zake!" alisema Thobias.

"Ni kweli. Ni mgeni aliyekuja na unga wake," alijibu Nyamizi. "Lakini mwenyeji bado amekaa mlangoni kumsubiri, na huyo mwenyeji anakula cha nyumbani."

La mwisho walilipata Thobias alipopekua mipangilio ya mashine. Mkuu wake, kwa nia njema, alikuwa ameiamuru isilale hata ikifungwa, ili mazungumzo ya ile kadi yasikatike wakiwa kambini. Hakuna aliyekumbuka kuiondoa amri hiyo wakienda porini. Kwa hiyo kadi yenyewe haikuwa mlaji mkubwa kuliko kioo. Ubaya wake ni kwamba kwa ajili yake nyumba nzima ilinyimwa usingizi.

Wengine wangeshangilia hapo. Nyamizi alikaa chini.

"Kosa lilikuwa langu pia," anasema, na anataka liandikwe gazetini hivyo hivyo. "Miaka kumi na tano nauliza nyaya ngapi, nyaya ngapi. Kijana aliniambia kweli tupu, nyaya mbili. Mimi ndiye niliyedhani kisicho na waya hakina mdomo."

Alimpa Thobias masharti. Kadi ichomolewe wakitoka kambini, ichomekwe tu wakati bosi yuko karibu na kuna kitu cha kutumiana. Kisanduku cha kipanya kivuliwe porini, atumie kibonyezo kilichomo kwenye mashine yenyewe. Amri ya kutolala iondolewe. Na akimaliza kazi, asifunge mfuniko tu, azime kweli, aone kitaa kimekufa. Kisha Nyamizi akachukua chaki, mbele ya wateja watano waliokuwapo, akaandika kwenye betri: SIKU NNE.

"Mama, usiandike," alimwambia mmoja wao, Ghati, muuza uji wa jirani. "Ikishindikana mara hii, utaziba uso na nini?"

Nyamizi aliandika.

Siku ya nne Thobias hakuonekana. Ya tano pia. Nyamizi alijua maana moja tu ya mteja kutoonekana: amehamia kwa mwingine. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Alianza kukunja nyaya zake za akiba na kuzitia katika sanduku, kidogo kidogo, ili siku yenyewe ikifika kazi isiwe nyingi. Pantaleo alikuja kwa mguu wake mbovu kutoka shambani, akaketi naye kibandani, akimshikia bisibisi ambayo haikuwa na kazi.

Siku ya sita ilikuwa siku ya mnada. Gari la watafiti lilisimama stendi. Thobias alishuka, akabeba betri moja moja hadi kibandani. Watu walikuwa wengi, kwa sababu siku ya mnada watu huwa wengi, na pia kwa sababu Geita haikosi kuja kutazama ugomvi.

"Nilimwona anakuja nikasema moyoni, haya, leo ni leo," anasimulia Nyamizi.

Thobias alitua betri. Akavua kofia yake ya majani. Akasema kwa sauti ileile iliyofika stendi mara ya kwanza:

"Mimi ndiye niliyesema betri za mama huyu ni maji. Nilisimama hapa hapa. Betri zake zimekaa siku tano na nusu. Tatizo lilikuwa begini mwangu, na yeye ndiye aliyeligundua kwa kulishika begi tu. Mama Apolonia, nisamehe. Na nyie mliosikia lile, sikieni na hili."

Kisha, mbele ya umati, kijana huyo mrefu aliinama akamshika Nyamizi miguu.

Nyamizi anaeleza hayo kwa shida, kwa sababu machozi yanamwingia kwenye maneno. "Mdogo wangu, sikiliza nikwambie. Watu wengi watakutukana sokoni, halafu waje kukuomba radhi chumbani. Huyu alinitukana sokoni, akarudi kuniomba radhi sokoni. Nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Wabeja gete, asante kweli kweli."

Mnunuzi wa dhahabu alirudisha betri zake kesho yake, akijifanya hajawahi kuzichukua. Mwenye studio akafuata. Bwana Taherali hakusema lolote kuhusu mwisho wa mwezi. Alituma chai.

Thobias naye amebaki na kazi. Kompyuta yake sasa inadumu porini saa mbili na dakika ishirini. "Na bosi naye amejifunza," anasema. "Siku hizi tukitoka kambini ananiuliza kwa Kiswahili chake: 'Thobias, imenyamaza?'"

Kwa Nyamizi, swali la zamani halikufutwa. Limepata mwenzake. Baada ya kuuliza nyaya ngapi, huuliza: "Na kuna kinachoongea bila waya?" Kikiwapo, anachora kiduara pembeni ya vistari na kupunguza siku. Wateja wengine humchezea. Mwalimu mmoja alimuuliza kama rimoti ya televisheni yake nayo ni mdomo. Alijibiwa kwamba rimoti ina betri zake, lakini televisheni inayosubiri kuamriwa na rimoti haijalala, imefumba macho tu. Mwalimu alikwenda nyumbani akaanza kuizima kwenye swichi, na betri yake ikaongezeka siku moja. Hakurudi kumtania tena, ila alirudi na betri ya jirani.

Watafiti wa kambi nyingine mbili wameanza kuleta betri zao kwake. Mmoja alikuja na kompyuta yenye kadi, kipanya kisicho na mkia, na kijicho chekundu ubavuni cha kurushia picha kwenye mashine nyingine kwa mwanga. Nyamizi aliitazama, akamwambia, "Baba, hii siyo kompyuta, hiki ni kikao cha harusi." Akamchorea viduara vitatu.

Anachotaka sasa?

Apolonia afike kidato cha nne, kwanza. Pili, Thobias ameahidi kumfundisha kuitumia kompyuta hiyo Jumapili mbili kila mwezi, maana Nyamizi anasema hawezi kuendelea kumtibu mgonjwa ambaye hajui lugha yake. La tatu analisema kwa haya kidogo, akipangusa mikono kwenye kanga iliyotobolewa na asidi.

Kwa miaka sita watu wameelekezana kibanda hiki kwa kusema *pale nyuma kwa Taherali*. Hakijawahi kuwa na kibao. Mwezi uliopita Bwana Taherali mwenyewe ndiye aliyeleta ubao na kopo la rangi ya bluu, akauliza aandike nini: Chaji ya Betri, au Taherali na Nyamizi, au vipi?

"Nikamwambia asubiri Apolonia aje likizo, ana mwandiko mzuri," anasema. "Na neno nimeshachagua. Jina langu lilitembezwa mji mzima likiwa limepakwa matope, watu walinioshea palepale lilipochafukia. Sasa nataka liandikwe peke yake, NYAMIZI, kwa herufi kubwa, liangalie stendi."

Likizo inaanza wiki ijayo. Ubao ameshausugua kwa msasa mara mbili.